Nyaya za ubongo hufuatwaje? Somo kutoka kwa panya, kima na maharagwe

Miongoni mwa maswali ambayo jamaa za wagonjwa wa Parkinson hutuuliza sana sisi madaktari ni hili: "Daktari, tembe zimempunguzia mzee mtetemeko. Sasa anashika kikombe cha chai bila kumwaga. Lakini mbona akiitwa ghafla anachelewa kugeuka? Mbona akifika mlangoni miguu inakwama kana kwamba imegundishwa sakafuni?"

Swali hili ni zuri, na jibu lake halimo katika chupa ya dawa peke yake. Sehemu ya jibu imo katika kazi ambayo watu wachache wana habari nayo: kazi ya kufuata nyaya za ubongo wa wanyama, uzi mmoja baada ya mwingine, ili kujua zinaanzia wapi na zinaishia wapi. Katika somo la wiki hii tutaangalia njia moja tu kati ya nyingi, ile inayotoka sehemu ya ubongo iitwayo thalamasi na kwenda sehemu iitwayo striatamu. Ni njia iliyokaa miaka mingi bila kutiliwa maanani, na ambayo sasa inatusaidia kuelewa kwa nini tembe hazimalizi kila kitu.

Usiogope majina hayo mawili, msomaji. Kabla ya kufika mwisho wa somo utakuwa umeyazoea.

SEHEMU MBILI ZA NDANI

Katikati kabisa ya ubongo kuna viungo viwili vilivyolala ubavu kwa ubavu, kila kimoja chenye umbo na ukubwa unaokaribia yai la kware. Hiyo ndiyo thalamasi. Habari nyingi kutoka machoni, masikioni na kwenye ngozi hupitia hapo kabla ya kufika kwenye gamba la ubongo, yaani ile sehemu ya juu yenye mikunjo ambayo kwayo tunawaza na kuamua. Ndiyo maana wanafunzi wa udaktari walizoea kufundishwa kwamba thalamasi ni kama ofisi ya posta: barua huingia, hupangwa na kupelekwa mbele.

Striatamu iko karibu na hapo, kwa mbele na kwa pembeni. Kazi yake moja kubwa ni kusaidia kuchagua ni tendo gani lianze na ni lipi lizuiwe. Unapotaka kusimama kutoka kitini, kuna misuli ya kuamshwa na mingine ya kutulizwa. Kwa ajili hiyo striatamu ina aina mbili kuu za seli. Kwa wepesi tuziite seli za "twende" na seli za "ngoja". Mizani baina ya makundi hayo mawili huwekwa sawa na kemikali iitwayo dopamini, ambayo huletwa na seli nyeusi zilizo katika shina la ubongo. Seli hizo nyeusi zinapokufa, mizani hupinda upande wa "ngoja", na mtu huwa mzito wa mwendo, mkakamavu wa viungo na mwenye kutetemeka. Huo ndio ugonjwa uliopewa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza katika kijitabu chake cha mwaka wa 1817.

Kwa miaka mingi picha iliyochorwa vitabuni ilikuwa duara: gamba la ubongo hutuma habari kwa striatamu, striatamu hupitisha habari hizo katika vituo vingine hadi kwenye thalamasi, na thalamasi huzirudisha kwenye gamba. Katika picha hiyo thalamasi ilikuwa kituo cha mwisho. Kilichosahauliwa ni kwamba thalamasi yenyewe ina nyuzi zake zinazokwenda moja kwa moja hadi kwenye striatamu, bila kupitia gamba la ubongo. Lilijulikanaje jambo hilo?

KUTAZAMA HAKUTOSHI

Ubongo ukikatwa na kutazamwa kwa macho tu, hauonyeshi siri zake. Hufanana na uji uliogandia, wenye sehemu za kijivu na sehemu nyeupe. Na ndani ya ubongo wa mwanadamu kuna takriban seli za neva bilioni 86. Kila seli ina uzi wake mmoja mrefu, mwembamba kuliko unywele kwa mara nyingi, na uzi huo hujigawa matawi mengi kabla ya kufika mwisho wa safari.

Fikiria fundi wa umeme aliyeitwa katika jengo kuukuu la ghorofa kumi jijini. Anafungua ukuta na kukuta nyaya elfu moja za rangi moja. Kuzitazama hakutamwambia ni ipi inayowasha taa ya ghorofa ya saba. Lazima atafute njia ya kuufuata kila waya kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mwaka wa 1873 Mwitaliano Camillo Golgi aligundua kwamba chumvi ya madini ya fedha inaweza kuzitia seli chache za ubongo rangi nyeusi huku zile za jirani zikibaki wazi. Mhispania Santiago Ramón y Cajal aliitumia mbinu hiyo kuchora seli kwa ustadi mkubwa, na wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel mwaka wa 1906. Hata hivyo, mbinu ya Golgi huchagua seli kwa bahati tu, na uzi mrefu hupotea pale kipande kinapokatwa. Ilionyesha sura ya seli, lakini haikuweza kuonyesha safari yote ya uzi.

KUHARIBU NA KUSUBIRI

Njia iliyofuata ilikuwa ya ukali kidogo. Seli ya neva ikikatwa uzi wake, aghalabu hunyauka, kama mmea uliokatwa mizizi. Basi watafiti waliharibu sehemu moja ndogo ya ubongo wa mnyama, wakangoja, kisha wakatafuta ni seli zipi za mbali zilizonyauka. Zile zilizonyauka ndizo zilizokuwa zikituma nyuzi zake mahali palipoharibiwa.

Huko Oxford, Uingereza, Thomas Powell na mwenzake Maxwell Cowan, aliyezaliwa Johannesburg mwaka wa 1931, waliitumia mbinu hiyo kwa sungura na kwa nyani. Katika taarifa yao ya mwaka wa 1956 kuhusu nyani, walionyesha kwamba striatamu inapoharibiwa, seli zinazonyauka katika thalamasi ni za viini fulani vidogo vilivyomo ndani ya utando mweupe unaoigawa thalamasi. Kiini kikubwa katika kundi hilo huitwa sentromediani, na jirani yake huitwa parafasikula. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba thalamasi haikuwa posta ya gamba la ubongo tu. Ilikuwa na mteja mwingine.

Lakini mbinu hiyo ilikuwa na dosari kubwa. Ukichimba barabara ili kuziba bomba la maji, unaweza kukata nyaya za simu za mtaa mzima ambazo zilikuwa zikipita tu mahali hapo. Ndivyo ilivyokuwa katika ubongo. Nyuzi nyingi za thalamasi zinazokwenda kwenye gamba hupita karibu sana na striatamu, na nyingine hupenya ndani yake. Je, seli iliyonyauka ilikuwa ikituma uzi wake kwenye striatamu, au uzi wake ulikuwa mpita njia tu? Mtu mwenye shaka aliweza kuuliza hivyo, na hakukuwa na jibu la kumridhisha.

RANGI INAYOPANDA MATATU

Jibu lilitoka katika jambo ambalo seli zenyewe hulifanya kila siku. Uzi wa seli ya neva haukai bure. Ndani yake kuna usafiri usiokoma: protini hutolewa kwenye mwili wa seli na kupelekwa hadi ncha za uzi, na mabaki hurudishwa nyuma. Ni kama matatu zinazokwenda mjini na kurudi mtaani. Watafiti walifikiri hivi: tukipata kitu kisichodhuru seli, kikapanda matatu hiyo, na baadaye tukaweza kukitia rangi, tutajua njia nzima.

Kitu cha kwanza kilichofaulu sana kilitoka katika mzizi mkali wa mmea wa Ulaya wa jamii ya kabeji na haradali. Mzizi huo una kimeng'enya ambacho kikichanganywa na kemikali fulani huacha rangi ya hudhurungi. Mnamo 1971 na 1972 ilionyeshwa kwamba ncha za uzi hukimeza kimeng'enya hicho na kukirudisha hadi kwenye mwili wa seli. Mwaka wa 1974 mbinu hiyo ilitumiwa katika striatamu ya panya. Kimeng'enya kilidungwa kwenye striatamu, na baadaye seli zenye rangi zikakutwa katika thalamasi. Safari hii hapakuwa na haja ya kungoja seli inyauke. Seli ilikuwa hai, na ilijitambulisha yenyewe.

Kitu cha pili ni kile unachokijua kutoka jikoni. Mwaka wa 1984 Charles Gerfen na Paul Sawchenko walionyesha kwamba protini moja iliyomo katika maharagwe ya kawaida, yale yale tunayoyachanganya na mahindi katika githeri, inaweza kupanda matatu inayokwenda mbele, kutoka mwili wa seli hadi ncha za mwisho kabisa. (Ni jamii hiyo hiyo ya protini inayomfanya mtu atapike na kuhara akila maharagwe yaliyopikwa nusunusu. Yaloweke, umwage maji, kisha uyachemshe yakitokota sawasawa hadi yaive. Moto mdogo usiofikisha maji kutokota hauivunji protini hiyo.)

Ubora wa protini ya maharagwe ni kwamba huingia kwa urahisi katika mwili wa seli na matawi yake mafupi, lakini kwa kawaida haiingii katika nyuzi zinazopita tu. Ile shaka ya mpita njia ikapungua sana.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Panya hulazwa kwa dawa ya nusukaputi, na kichwa chake hufungwa katika kifaa kisichomruhusu kusogea hata kidogo. Mtafiti anatumia ramani ya ubongo wa panya yenye vipimo vya milimita ili kujua kiini anachokitaka kiko umbali gani kutoka alama fulani za fuvu. Anatoboa tundu dogo na kushusha mrija wa kioo ambao ncha yake haionekani kwa macho. Umeme hafifu husukuma protini nje ya mrija. Kisha panya huamshwa, hutunzwa na kupewa dawa za maumivu. Baada ya siku saba au kumi hivi, hulazwa tena kwa nusukaputi na hafufuki. Ubongo wake hukatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, hutiwa kingamwili zinazoikamata ile protini na kuipa rangi, ndipo hutazamwa kwa hadubini.

Hapo ndipo uvumilivu unapohitajika. Mtafiti mwangalifu haridhiki na jaribio moja. Hutia protini ya maharagwe katika thalamasi na kuona nyuzi zinatokea wapi. Kisha, katika mnyama mwingine, hutia kitu kinachorudi nyuma katika striatamu na kuona ni seli zipi zinazopata rangi. Majibu yakikubaliana kutoka pande zote mbili, ndipo anaposadiki. Tena hutunza hata vipande vya wanyama ambao mrija wao ulikosea ukaangukia kiini cha jirani, maana tofauti baina ya kiini na jirani yake ndiyo inayothibitisha kwamba njia ni ya kiini hicho wala si cha jirani.

WALICHOKIKUTA

Kwa kutumia mbinu hizo, picha ya zamani ilianza kubadilika. Mwaka wa 1990 Henk Berendse na Henk Groenewegen wa Amsterdam, Uholanzi, walichapisha ramani ya njia hizi katika panya. Waliona kwamba kila kiini kidogo cha katikati ya thalamasi kina shamba lake katika striatamu. Nyuzi hazikutawanyika ovyo kama mbegu zilizomwagika. Zilikwenda mahali maalum, na mashamba hayo kwa kiasi kikubwa hayakuingiliana.

Mwaka wa 1992 Abbas Sadikot, André Parent na wenzao wa Kanada walitumia protini ya maharagwe kwa kima wadogo wa Amerika Kusini. Waliona kwamba sentromediani hutuma nyuzi zake hasa katika sehemu ya striatamu inayoshughulikia mwendo wa misuli, hali parafasikula hutuma zake katika sehemu inayoshughulikia fikra na mipango. Basi ni majirani wa nyumba moja, lakini kila mmoja anaandikia mtu wake.

Mwaka huo huo wa 1992, huko Oxford, ilionyeshwa katika panya kwamba baadhi ya nyuzi hizi huishia juu ya seli chache sana za striatamu zinazotumia kemikali iitwayo asetilikolini. Seli hizo ni kama asilimia moja au mbili tu ya seli zote za hapo, lakini matawi yake huenea kila upande, na kwa hiyo sauti yake husikika mbali.

Kwa nini thalamasi izitafute seli hizo chache? Mwaka wa 2001 watafiti wa Japani na Marekani walirekodi umeme wa seli za sentromediani na parafasikula katika nyani walio macho. Seli hizo ziliamka kwa sauti na mianga iliyotokea ghafla. Viini hivyo vilipozimwa kwa muda kwa dawa, zile seli za striatamu zinazodhaniwa kuwa za asetilikolini ziliacha kuitika ishara ambazo nyani alikuwa amejifunza maana yake. Mwaka wa 2010 watafiti wa Chicago, wakitumia vipande vya ubongo wa panya wadogo, waliona kwamba nyuzi za thalamasi zikiamshwa, seli za asetilikolini hulia kwa pamoja kisha hunyamaza kidogo, na katika kimya hicho upande wa "ngoja" hupata nguvu.

Fikiria unavuka Moi Avenue huku ukiwaza habari za kodi ya nyumba. Mara honi inalia karibu nawe. Miguu inasimama kabla hujapata muda wa kufikiri. Ndipo unageuka na kutazama, kisha unaamua kurudi nyuma au kukimbia mbele. Wataalamu wengi sasa wanaona kwamba njia ya thalamasi hadi striatamu ina sehemu katika jambo hilo: kukatiza tendo linaloendelea ili jambo jipya lishughulikiwe. Gamba la ubongo hupeleka mpango, na thalamasi hupeleka tahadhari.

VIRUSI VYAGEUZWA MTUMISHI

Mbinu ya siku hizi ni ya kushangaza zaidi, maana inatumia virusi vya kichaa cha mbwa. Virusi hivyo vina tabia moja mbaya sana. Vikiingia kwenye jeraha, hupanda nyuzi za neva na kusafiri kinyumenyume, vikiruka kutoka seli moja hadi seli iliyo nyuma yake, mpaka vifike kwenye ubongo. Watafiti wa California walionyesha mwaka wa 2007 kwamba virusi hivyo vikiondolewa kijenzi kimoja, vinaweza kuruka hatua moja tu, kisha vinakwama. Kwa njia hiyo mtu anaweza kuuliza seli moja ya striatamu: ni nani hasa wanaozungumza nawe?

Mwaka wa 2013 mbinu hiyo ilitumiwa California kwa panya wadogo kulinganisha seli za "twende" na seli za "ngoja". Baadhi ya sehemu za gamba la ubongo zilipendelea kundi moja kuliko jingine. Lakini thalamasi ilionekana kuzigawia seli za makundi yote mawili kwa kiasi kinachofanana. Jambo kama hilo lisingeweza kujulikana kwa mbinu ya kuharibu na kusubiri.

Hapa nipe nafasi niseme neno moja kama daktari. Safari hiyo ya virusi ndiyo sababu aumwaye na mbwa asikae nyumbani akingoja dalili. Dalili zikionekana, virusi vimekwisha kufika ubongoni na karibu kila mgonjwa hufa. Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitalini siku hiyo hiyo ukapate chanjo.

MBONA WANYAMA?

Msomaji mwenye huruma atauliza: kwa nini kazi hii ifanywe kwa wanyama? Sababu ni kwamba rangi lazima itiwe wakati mnyama yu hai, na ubongo lazima ukatwe baadaye. Hakuna mwanadamu anayeweza kufanyiwa hivyo. Kuna mashine za picha zinazoweza kufuata mwendo wa maji ndani ya ubongo wa mtu aliye hai na kukisia njia za mafungu makubwa ya nyuzi. Picha hizo zina manufaa, lakini haziwezi kusema habari inakwenda upande upi, wala kuonyesha uzi mmoja ukiishia juu ya seli fulani. Ndiyo maana wataalamu wa picha hizo hupima makisio yao kwa ramani zilizopatikana kwa wanyama.

Hata hivyo, haki ya kutumia wanyama haina maana ya kuwatumia ovyo. Mwaka wa 1959 Waingereza William Russell na Rex Burch waliandika kanuni tatu ambazo zimekubaliwa mahali pengi: tumia njia nyingine kama ipo, punguza idadi ya wanyama hadi ile inayohitajika tu, na punguza maumivu yao kwa kila hali. Aidha, tukumbuke kwamba ubongo wa panya si ubongo wa mtu uliopunguzwa ukubwa. Kwa mfano, sentromediani na parafasikula ambazo katika nyani zinatofautika vizuri, katika panya zimeungana kuwa kitu kimoja. Jambo lililoonekana kwa panya peke yake si vyema kulipachika kwa mgonjwa kabla halijaangaliwa kwa nyani na kwa mwanadamu.

HAYA YANAMHUSU VIPI MGONJWA WAKO?

Turudi kwa lile swali la mwanzo. Mwaka wa 2000 watafiti wa Australia walihesabu seli katika bongo za watu waliokuwa wamefariki wakiwa na ugonjwa wa Parkinson. Waliona kwamba sentromediani na parafasikula zilikuwa zimepoteza kati ya asilimia 30 na 40 ya seli zake. Kwa maneno mengine, ugonjwa huu hauziui seli nyeusi za dopamini tu. Unaila pia ile njia ya pili, njia ya tahadhari.

Dawa kuu ya Parkinson, levodopa, hugeuzwa kuwa dopamini ndani ya ubongo. Inasaidia sana, na mgonjwa asiogope kuitumia. Lakini haifufui seli zilizokufa, wala haitengenezi nyuzi za thalamasi zilizopotea. Hivyo isikushangaze kama mzee anashika kikombe vizuri lakini anachelewa kuitika mlango unapobishwa. Wataalamu wanashuku kwamba kupotea kwa njia hii ni mojawapo ya sababu, ijapokuwa si sababu pekee, maana ugonjwa huu hugusa sehemu nyingi za ubongo. Kuchelewa kwake si ukaidi, na wala si dharau kwa anayemwita.

Kwamba ramani za panya zinaweza kufika hadi kitandani mwa mgonjwa, tulipata mfano mwaka wa 1999. Madaktari wa Ulaya walitangaza katika jarida la Lancet kwamba walimtibu mtu mwenye ugonjwa wa Tourette, ambao humfanya mtu kurusha viungo na kutoa sauti bila kutaka, kwa kuweka nyaya nyembamba za umeme katika sehemu hiyo hiyo ya kati ya thalamasi, baada ya tiba nyingine kushindwa. Miongoni mwa wanne walioandika taarifa hiyo alikuwamo Groenewegen, yule yule aliyekuwa ameshirikiana kufuata nyuzi za panya kule Amsterdam. Upasuaji wa aina hiyo ni wa wagonjwa wachache sana, na si tiba ya kukimbilia, lakini mahali pa kuweka nyaya hapakuchaguliwa kwa kubahatisha.

Kwa anayemtunza mgonjwa wa Parkinson nyumbani, haya ndiyo ya kuzingatia:

1. Mpe dawa kwa saa zile zile kila siku, na usiikatize ghafla hata kama amepata nafuu. Kuikatiza ghafla kunaweza kuhatarisha maisha.

2. Chakula chenye protini nyingi, kama nyama, mayai na maharagwe, kinaweza kupunguza levodopa inayoingia mwilini. Muulize daktari wako kuhusu kumeza dawa nusu saa hivi kabla ya chakula.

3. Usimwite kwa ghafla kutoka nyuma. Mkaribie kutoka mbele, mtaje jina, kisha umpe muda. Mwache afanye jambo moja kwa wakati mmoja. Asizungumze huku amebeba sahani na kutembea.

4. Miguu ikikwama, usimvute. Mwambie asimame, apumue, kisha ahesabu "moja, mbili" na kuinua mguu. Wengine husaidiwa na mistari iliyochorwa au kubandikwa sakafuni, hasa karibu na milango.

5. Mwonyeshe daktari dawa zote anazomeza. Baadhi ya dawa za kuzuia kutapika, kama metoclopramide, na za magonjwa ya akili, kama haloperidol, huzuia kazi ya dopamini. Zinaweza kumzidishia mgonjwa dalili, au hata kumfanya mtu asiye na Parkinson aonekane kama anayo. Lakini usimwachishe dawa yoyote bila ushauri.

6. Mtetemeko wa mkono uliotulia, mwandiko unaozidi kuwa mdogo, uso usioonyesha furaha wala huzuni, na mkono mmoja usiopunga wakati wa kutembea ni dalili za kumpeleka mtu hospitalini. Si dalili za kurogwa, na si lazima ziwe za uzee tu. Miezi mingi hupotea wagonjwa wakizungushwa kwa waganga.

Ukiwa na mgonjwa wa namna hii, andika kwenye daftari saa anayomeza dawa, saa anayokuwa mwepesi na saa anayokwama, kwa muda wa wiki moja. Siku ya kliniki, mpe daktari daftari hilo. Litamsaidia kupanga dawa vizuri zaidi kuliko maelezo ya kukumbuka kichwani.